Bastola ya Kuwashia Udi

Sehemu ya Tisa

Moto ukatoka.

Naam, moto! Mwali wa buluu, mrefu kama kidole cha mtoto, ulichomoza kwenye mdomo wa ile bastola nyeupe mkononi mwa Bwana Mubarak, ukacheza kidogo, kisha ukatulia kama mshumaa. Mshindo haukusikika, risasi haikuonekana.

Watu ishirini waliojaa kwenye ukumbi wa shabaha walikodoa macho. Kisha mzee mmoja mwenye sigara isiyowashwa mdomoni alisogea taratibu, akainama, akaiwasha sigara yake pale pale kwenye ncha ya bastola.

"Shukran," akasema.

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka.

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, sogea nikunong'oneze upesi. Saada, binti wa Pongwe, Tanga, ana miaka mitatu sasa akifanya kazi ughaibuni kwa Waarabu, mtaa wa Muaither, nyumbani kwa Mama Wadha, mjane wa marehemu Ghanim. Marehemu aliacha bastola za mfukoni thelathini na moja. Za zamani zote, ndogo ndogo, zile ambazo mabwana na mabibi wa Ulaya walikuwa wakizificha kwenye vizibao na mikoba miaka mia na ushee iliyopita. Saada ndiye anayezisafisha kila Jumanne, na kila moja ameipa jina. Iliyo kipenzi cha nyumba inaitwa Bibi Harusi: ya Kibelgiji, mwili wa nikeli unaong'aa, mashavu ya kitako ni ya ganda la chaza, nzima inaenea kwenye kiganja.

Na leo Bibi Harusi yuko hatarini. Mama Wadha ameweka ahadi mbele ya wanachama wa klabu: shemeji yake, Bwana Mubarak, akishinda mashindano ya bastola za mfukoni, anamchukua Bibi Harusi. Mama, anayepiga kwa Bibi Harusi huyo huyo, akishinda, Mubarak hafungui tena kinywa kudai kwamba bastola za kaka yake ni haki yake. Sanduku jekundu likafunguliwa. Bwana Mubarak akaitoa bastola kwa dharau ili kuijaribu, akailenga shabaha, akabonyeza kifyatulio.

Umeshajua kilichotoka.

"Hiki ni kiberiti cha gesi," alisema Mzee Harun, msimamizi wa klabu, Msudani mwenye ndevu za kijivu ambaye hakuwa amecheka hata chembe. Alimnyang'anya yule mzee sigara, akaikanyaga. "Bastola yenyewe iko wapi?"

Macho yote yakamgeukia Saada. Yeye ndiye aliyefunga sanduku. Yeye ndiye aliyelibeba.

Saada aliona uwanja wa ndege, aliona mama yake amesimama mlangoni Pongwe akiuliza, "Umefukuzwa kwa wizi, mwanangu?" Kisha akakitazama tena kile kiberiti, na akapiga ukelele uliowashtua hata waliokuwa wakicheka.

"Mama! Hiki si kile cha kuwashia udi? Ile zawadi ya Bi Latifa!"

Mama Wadha akajipiga kifua. "Wallah ndicho!"

Kiarabu chao ninakupa kwa Kiswahili, msomaji wangu, tusije tukachelewa.

Mambo yalikuwa hivi. Bi Latifa wa Al Wakrah ni rafiki wa Mama Wadha wa miaka arobaini, na kila akiwasha makaa ya udi anaunguza vidole. Mama akamnunulia sokoni kiberiti chenye umbo la bastola, akakitia kwenye sanduku jekundu la mahameli. Bibi Harusi naye analala kwenye sanduku jekundu la mahameli, la fundi yule yule. Alhamisi dereva akatumwa Al Wakrah na sanduku moja. Sasa tumejua ni lipi.

"Yaani silaha iko kwa Latifa?" Bwana Mubarak aliuliza, na kahawa ikampalia. Alikohoa mpaka macho yakamtoka. "Ya nini... ya nini kwenda kumsumbua mama wa watu? Shemeji, kubali umeshindwa, mambo yaishe. Na huyu mtumishi, Harun, piga simu polisi. Silaha imepotea mikononi mwake!"

"Sheria inataka silaha iliyopotea iripotiwe," Mzee Harun akajibu polepole. "Iliyosahaulika bado haijapotea. Mama Wadha, kibali unacho?"

"Kwenye mkoba."

"Basi kailete mwenyewe. Ukiwa umerudi tutakapotoka kwenye sala ya adhuhuri, utapiga. Usiporudi, nitapiga simu."

Saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika arobaini.

"Yalla!" akasema Mama Wadha, mwanamke wa miaka sitini na saba, akapandisha abaya yake hadi kwenye vifundo vya miguu, akatoka mbio.

*

Nahashon, dereva, Mkenya wa Kitale, alikuwa garini, amelaza kiti anasikiliza kwaya. Milango miwili ilifunguliwa kwa pamoja akakurupuka.

"Al Wakrah!" Saada akasema. "Kaka Nahashon, ulipeleka sanduku silo!"

"Mimi? Nilipeleka ile ilikuwa kwa meza."

"Ndani yake kulikuwa na bastola!"

Nahashon aliachia usukani kama umeshika moto. "Aki Saada! Nimeendesha na bunduki kutoka Muaither mpaka Wakrah? Na nikasimama hapo kwa polisi nikiwauliza njia?"

"Kanyaga!" Mama Wadha akapaza sauti kutoka nyuma. Hilo lilikuwa neno lake moja la Kiswahili lililonyooka, na alilipenda.

"Madam, barabara iko na kamera kila mahali. Nitaletewa mukhalafa, hizo faini zao, mpaka nizeeke."

"Kanyaga!"

Alikanyaga, lakini kwa adabu. Kila kamera ilipokaribia alipunguza, na kila alipopunguza, Mama alimchapa begani kwa feni yake ya mkononi, kana kwamba anaendesha punda. Saada alikuwa akimpigia Bi Latifa simu. Iliita, ikaita, ikakata. Mara ya nne, ya tano. Hakuna.

"Yuko saluni," Mama akasema. "Leo ana harusi ya mpwawe. Akiwa saluni hata mfalme hampati."

Saada akageuka. "Mama, nisamehe. Ningefungua sanduku nikaangalia..."

"Nyamaza, binti. Sanduku nililiweka mezani mimi. Na nikikupoteza wewe, nani atamsafisha Mzee Kikohozi?"

Mzee Kikohozi ni bastola ya Kifaransa yenye mitutu minne ambayo kila ikipigwa hutema masizi. Mama alicheka, na Saada, ambaye machozi yalikuwa yameshafika kwenye kope, naye akacheka. Nahashon hakucheka. Alikuwa anasali kwa Kibukusu.

Nyumbani kwa Bi Latifa mlango ulifunguliwa na Faridah, msichana wa kazi, Mganda wa Jinja, mikono imejaa unga.

"Madam hayupo, alienda saluni. Sanduku nyekundu? Hiyo sijaona, dada yangu." Alifikiri kidogo, akashusha sauti. "Lakini kabastola kadogo, keupe, kenye kung'aa? Hako kapo. Kako ndani ya droo ya udi, chumbani."

"Ndiyo hiyo!" Saada akaruka. "Ameshaitoa kwenye sanduku!"

"Lakini madam alikataza. Alisema droo ile mtu asiguse. Hata kupangusa vumbi, hapana."

"Mimi na Latifa hatuna siri," Mama Wadha akasema, tayari yuko katikati ya korido. Miaka arobaini ya urafiki ilimfikisha moja kwa moja kwenye kabati. Akafungua droo, akapekua vijaluba vya udi, na huyo hapo! Ametulia kwenye kitambaa cha hariri, mashavu ya chaza, mwili wa nikeli.

Mama alichomoa magazini ya risasi, akahakikisha ni tupu, akaifunga bastola kwenye hariri ile ile, akaitia mkobani pamoja na kibali chake. Saada hakuigusa. Sheria ni sheria: nje ya klabu na nyumbani kwao, anayeshika silaha ni mwenye kibali.

Saa nne na dakika thelathini na tano. Wangewahi, na muda wa kunywa chai ungebaki.

Ngazi za marumaru za Bi Latifa zilikuwa zimetoka kupigwa deki.

Mama Wadha aliteleza kwenye ngazi ya pili. Angeweza kujishika kwa mkono wa kulia, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekumbatia mkoba, na mkoba ulikuwa na bastola. Akaulinda mkoba. Akaangukia mkono huo huo.

"Mama!"

"Bastola ni nzima," Mama akasema kutoka chini, meno yameumana. "Mkono ndio sijui."

Kifundo cha mkono kilikuwa kinavimba huku wanakitazama. Faridah alikimbilia jikoni akarudi na pakiti ya njegere za kugandishwa. Saada akaifunga juu ya kifundo kwa mtandio wake.

"Twende hospitali, Mama."

"Twende klabu."

"Huwezi kushika bastola kwa mkono huu!"

"Sitashika mimi." Mama Wadha alimtazama. "Kadi yako ya mafunzo iko wapi?"

Kadi Saada alikuwa nayo. Ili kumsaidia Mama kwenye ukumbi wa shabaha, kumtilia risasi na kumzibulia bastola zikikwama, ilibidi apitie mafunzo ya Mzee Harun, wiki sita, na tangu hapo kila Mama alipochoka alimwachia risasi za mwisho. Lakini hizo zilikuwa risasi za mazoezi, hakuna anayetazama, na kama zimekwenda kupiga ukuta, ukuta haukulalamika.

"Mama, mimi ni wa kusafisha tu."

"Kanyaga," Mama akamwambia Nahashon.

*

Walipoingia ukumbini, wanaume walikuwa wanatoka kusali. Mzee Harun aliitazama saa, akaitazama pakiti ya njegere, akasema, "Mmewahi."

Mashindano yalikuwa yameshakwisha kwa wengine, na kwa aibu kubwa. Lazima ujue kitu kimoja kuhusu hivi vibastola: vilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliye upande wa pili wa meza. Ukivipeleka hatua kumi, kila kimoja kinakuwa na maoni yake. Mstaafu mmoja wa benki alikuwa amepasua taa ya ubavuni. Mwingine aligonga shabaha ya jirani, tena katikati, akashangiliwa kwa makosa. Mwenye alama nyingi alikuwa Bwana Mubarak na bastola yake nyeusi ya Kijerumani: risasi tano, alama thelathini na moja kati ya hamsini.

"Mkono umevunjika?" Bwana Mubarak aliuliza, na furaha ikamponyoka usoni. "Pole sana, shemeji. Basi imekwisha."

"Atapiga Saada."

"Nani?"

"Huyu uliyetaka kumwitia polisi."

Ukumbi ukavuma. Mubarak alimgeukia Mzee Harun. "Mtumishi apige kwenye mashindano ya wanachama?"

"Kanuni inasema mwanachama akiumia, msaidizi wake mwenye kadi anaweza kushika nafasi," Mzee Harun alisema. "Kanuni uliipendekeza wewe, mwaka ule mgongo ulipokuuma."

Sasa msogelee Saada, msomaji, umsikie moyo wake. Alivaa vizibo vya masikio na dunia ikawa mbali. Akabaki na pumzi zake mwenyewe, zikienda na kurudi kama cherehani. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani pale Tanga mjini, na tangu Saada ana miaka minane vidole vyake vilikuwa vinajua springi na skrubu. Ndiyo sababu bastola za marehemu Ghanim zilimtii. Hakujua kupiga, lakini alijua kila moja inaumwa wapi.

Bibi Harusi anaumwa kushoto. Daima huvuta risasi kushoto, upana wa vidole vinne. Ukitaka kupiga katikati, lenga kulia.

Alitia risasi tano kwenye magazini. Akaisukuma ndani. Akakoki. Loki ya usalama, ambayo siku zote huwa ngumu hadi inamvunja kucha, leo ilishuka kama imepakwa samli.

Ajabu, akawaza. Lakini watu ishirini wanamtazama, nani ana muda wa kuwaza?

Akalenga kulia. Akabonyeza.

Paa!

"Mbili!" Mzee Harun akatangaza.

Alama mbili. Risasi ilikwenda kulia kabisa, pale pale alipolenga. Bwana Mubarak alijimiminia kahawa nyingine. Mama Wadha aliing'ata pembe ya pakiti ya njegere.

Saada aliitazama bastola. Imepona? Vitu vya chuma havijiponyi. Kifyatulio kilikuwa chepesi, kitako kilimkaa tofauti kidogo kwenye mkunjo wa kidole gumba. Na ilikuwa inanukia udi. Kichwa kilimwambia, hii ni Bibi Harusi, unaijua, lenga kulia. Mkono ukamwambia, mimi siijui hii.

Baba yake alikuwa akisema, cherehani ikibadilisha sauti, usibishane nayo. Isikilize.

Saada akaamua kuusikiliza mkono. Akalenga katikati.

Paa!

"Tisa!"

Watu wakashtuka. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, akanyamazishwa, akarudia.

Paa!

"Nane!"

Nahashon, ambaye hakuruhusiwa kuingia, alikuwa ameubandika uso kwenye kioo cha mlango mpaka pua imekuwa bapa. Saada alijikuta anatabasamu. Furaha ya ajabu ilikuwa inampanda kutoka kwenye nyayo, kama soda iliyotikiswa. Alikuwa anapiga! Yeye, wa kusafisha!

Akabonyeza mara ya nne.

Tk.

Ganda la risasi ya tatu lilikuwa limekwama, limesimama wima kwenye uwazi wa juu kama jino la mzee.

"Sekunde thelathini," Mzee Harun akasema. "Mpigaji anajizibulia mwenyewe."

"Imekwisha," Bwana Mubarak akasema. "Hii huwa kazi ya fundi."

Maskini Mubarak. Angeweza kusema lolote duniani isipokuwa hilo. Mtutu haukuondoka kwenye mwelekeo wa shabaha, vidole vya Saada vikaanza kwenda vyenyewe: toa magazini, vuta nyuma, inamisha, dondosha. Ganda likaanguka sakafuni, ting. Rudisha magazini, koki. Sekunde kumi na moja. Mwanamke wa kigelegele hakujizuia tena, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Paa!

"Saba!"

Saada alijumlisha. Mbili na tisa, kumi na moja. Na nane, kumi na tisa. Na saba, ishirini na sita. Mubarak ana thelathini na moja. Alihitaji sita. Tano ni sare, na kwenye sare, mwanachama anamshinda msaidizi.

Risasi moja.

Alivuta pumzi, akaitoa nusu. Aliiona nukta nyeusi ikicheza, ikatulia, ikacheza. Hakungoja itulie tena.

Paa!

Mzee Harun alikwenda mwenyewe hadi kwenye karatasi. Akainama. Akavua miwani, akavaa nyingine. Akatoa kioo cha kukuzia.

"Iko kwenye mstari," akasema. "Kati ya tano na sita."

"Tano!" akafoka Mubarak.

"Sita!" akafoka Mama Wadha.

Mzee Harun hakugeuka. Alisogeza uso mpaka ndevu zikagusa karatasi. Watu ishirini waliacha kupumua. Hata kiyoyozi, nakuapia, kilishusha sauti.

"Ukingo wa tundu umeugusa mstari," akasema hatimaye. "Ukigusa, inahesabiwa ya juu. Sita. Jumla thelathini na mbili."

Mama Wadha alirusha njegere hewani. Pakiti ilipasuka kwenye dari, na njegere zikawanyeshea wanachama waheshimiwa wa klabu kama mchele wa harusini. Mama alimkumbatia Saada kwa mkono mmoja, wakazunguka, wakateleza kwenye njegere, wakashikana, wakazunguka tena. Nje, nyuma ya kioo, Nahashon alikuwa anacheza peke yake, mabega yanakwenda juu chini.

"Nadai ukaguzi!"

Mfa maji haachi kutapatapa. Bwana Mubarak alikuwa amesimama juu ya kiti, njegere mbili zimenasa kwenye ndevu zake.

"Kanuni ya saba! Bastola ya mshindi ikaguliwe nambari! Ilikuwa nje ya klabu, nani ajuaye wameifanya nini? Nadai ukaguzi, sasa hivi!"

"Kagua tu," Mama Wadha akasema akicheka. "Kagua mpaka kesho."

Mzee Harun aliitoa magazini, akaivuta bastola nyuma kuhakikisha haina kitu, akaigeuza chini ya taa. Akasoma nambari. Akasoma kibali. Akasoma nambari tena. Kisha akafanya kitu ambacho Saada hakuwahi kumwona akikifanya katika miaka mitatu: akakuna kichwa.

"Nambari ya Bibi Harusi inaishia na nne na moja," akasema. "Hii inaishia na nne na mbili."

Kicheko cha Mama Wadha kikakatika kama uzi.

"Haiwezekani," Saada akanong'ona. Lakini mkono wake ulikuwa unajua. Mkono ulikuwa umejua tangu risasi ya kwanza.

"Mnaona? Mnaona!" Bwana Mubarak alikuwa anarukaruka juu ya kiti. "Si yao! Wamepiga kwa silaha ya mtu! Harun, tafuta ni ya nani, mtie mwenyewe aibu mbele ya watu!"

Mzee Harun alikwenda kwenye kompyuta ya sajili ya klabu, akaandika kwa kidole kimoja, tarakimu moja baada ya nyingine. Akangoja. Akasoma. Akageuka polepole sana, na safari hii hakumtazama Saada wala Mama Wadha.

"Ilinunuliwa Ubelgiji siku moja na Bibi Harusi. Walinunua ndugu wawili. Moja ya marehemu Ghanim." Alikohoa. "Na hii ni yako, Bwana Mubarak. Miaka ishirini na sita iliyopita uliandikisha kwamba imezama baharini."

Bwana Mubarak aliacha kurukaruka.

Hapo hapo mlango ulifunguka kwa kishindo na Bi Latifa akaingia. Mkono mmoja ulikuwa umepakwa hina mbichi hadi kwenye kiwiko, mwingine haujaguswa. Chini ya kwapa alikuwa amebana sanduku jekundu la mahameli.

"Wadha!" Alilisukuma sanduku mbele. "Bastola yako hii hapa, sanduku lilikuwa chini ya kitanda, sikulifungua mpaka leo. Lakini Faridah ananiambia umeingia chumbani kwangu ukachukua ya kwangu, kwa nini?"

"Ya kwako?" Mama Wadha akakodoa macho. "Tangu lini wewe una bastola, Latifa?"

"Tangu nilipoolewa."

"Ulipo... nini? Miaka arobaini tunakula sahani moja! Umeolewa lini? Umeolewa na nani?"

Bi Latifa alipitisha macho ukumbini, juu ya njegere, juu ya wazee, mpaka yakafika kwenye kiti kimoja na yakagota hapo.

Kiti kilikuwa kitupu. Kitambaa cheupe cha kichwani kilikuwa kimeanguka sakafuni, na mlango wa nyuma ulikuwa unajifunga taratibu.

Simu ya Saada ikalia. Alikuwa Nahashon, anaongea kwa kunong'ona huku injini inanguruma.

"Saada, manze, kuna kitu. Mzee Mubarak ameingia kwa gari ya madam, amelala chini huku nyuma, kichwa wazi, amejifunika na ile kitu ya kuzuia jua. Ananiambia nimpeleke airport, sahi hii, na nisiambie mtu. Sasa mimi nifanye aje? Nimpeleke, ama nimzungushe?"

Saada aliinua uso. Mama Wadha, aliyelisikia jina la Mubarak simuni, alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi, kuitaka simu.

Na Bi Latifa pia.